Utengeneze mwenyewe, utoe leseni au uuze haki zote? Nilivyopima kwa mashine yangu ya kubangua korosho

Kuna swali moja ningelijiuliza mapema ningeokoa hela nyingi: fundi wa banda la jirani akisimama mbele ya kitu ulichobuni dakika kumi, atatoa cha kufanana nacho kwa siku ngapi? Watu wengi wakinifuata wanaanza na hataza, ile hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi, wengine wanaanza na mtaji, mimi siku hizi nawarudisha kwenye hilo swali kwanza, maana jibu lake ndio linakwambia utengeneze mwenyewe, utoe leseni, uuze haki zote au ufiche kitu chako na uuze huduma tu.

Mashine yangu ni ya mezani. Ina visu viwili vilivyopinda vinatazamana, unaweka korosho katikati, mkono unashusha mpini visu vinabana ganda kiunoni, mguu unakanyaga chini visu vinatanuka, ganda linapasuka na kiini kinadondoka kwenye trei. Mashine za hivyo zipo siku nyingi, sikuvumbua mimi. Nilichoongeza ni kizuizi kidogo chenye springi nyuma ya kisu cha juu, saizi ya dole gumba, kinafanya kisu kisimame pale pale ganda linapokatika bila kuingia kwenye kiini, na ukitoka korosho kubwa kwenda ndogo huna haja ya kufungua nati. Basi, uvumbuzi wote ndio huo. Mama mmoja Newala alibangua nayo ndoo nzima ya lita 20, akamwaga kwenye ungo akaanza kutafuta zilizovunjika, akanitazama kama nimemfanyia mazingaombwe. Anayebangua anajua kwa nini, korosho nzima na vipande haviuzwi bei moja hata siku moja, na kama mikono yako imeshaungua na yale mafuta ya ganda unataka angalau kiini kitoke kizima.

Sasa majibu ya swali langu: mwili wa mashine fundi mzuri wa kuchomelea anautoa kwa siku mbili. Kizuizi siku moja akiwa na sampuli mkononi. Najua kwa sababu ilinitokea. Niliipeleka Nane Nane pale Ngongo Lindi, nikasimama nayo kifua mbele, kijana mmoja kaja na simu karekodi kila upande na mimi namsaidia kuigeuza apate picha nzuri! Msimu uliofuata nikaikuta sokoni kwa bei ya chini kuliko yangu, imepakwa rangi ya bluu.

KUTENGENEZA NA KUUZA MWENYEWE

Hii ndio inayovutia zaidi kwa sababu hela yote inaonekana ni yako. Hesabu yangu ilikuwa hivi: chuma, springi, rangi, umeme, kijana wa kunisaidia, jumla 310,000 kwa mashine moja, nauza 450,000, nabaki na 140,000. Nikikaza natoa nne kwa mwezi, yaani 560,000. Inaonekana safi ukiwa umekaa. Kwenye kazi yenyewe mteja wa korosho ana hela mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, mnada ukishapita na malipo yakishaingia, miezi mingine anakwambia "fundi, nikilipwa korosho nitakuja", kwa hiyo wewe unatengeneza Mei kwa hela yako halafu unasubiri na vyuma vimelala ndani. Bado hujapiga nauli ya kupeleka Tunduru, bado mashine imekwama na mwenye nayo anakupigia saa mbili usiku.

Kitu ambacho njia hii inakupa na nyingine hazikupi ni kwamba unamjua mteja. Mimi kizuizi changu cha kwanza kilikuwa kinajaa mafuta ya ganda baada ya wiki mbili kinaganda, nisingejua kama ningekuwa nimempa mtu leseni nikakaa nyumbani. Mashine 20 za kwanza uza mwenyewe, hata kama unajua mwisho wa siku utatoa leseni, maana ukienda kwa mwenye kiwanda na namba za kweli za mauzo na malalamiko unaongea lugha nyingine kabisa.

Ila kama kitu chako ni cha plastiki kinachohitaji moldi, yaani kalibu ya kumiminia plastiki, usijidanganye na njia hii. Lonnie Johnson, yule injinia wa Marekani aliyetoa bunduki ya maji ya Super Soaker, alitaka kutengeneza mwenyewe, kiwanda kikamwambia bunduki 1,000 za mwanzo ni dola 200,000. Hakuwa nazo. Ndio akaangukia kwenye leseni.

KUTOA LESENI

Hapa hati inabaki yako, mwingine anatengeneza na kuuza, wewe unalipwa mrabaha, yaani asilimia ya bei, kwa kila kimoja. Johnson alikubaliana na kampuni ya Larami mwaka 1989, mwaka 1991 peke yake yale mabunduki yaliuzwa zaidi ya dola milioni 200. Watu wanaisimulia habari yake wanaishia hapo. Mimi nawaambia endelea kusoma, mwaka 2013 alipata dola milioni 72.9 kutoka kwa Hasbro, wenye kampuni kwa wakati huo, baada ya kwenda kwenye usuluhishi kwa mrabaha ambao hakulipwa kama ilivyotakiwa. Kwa maana hiyo hata leseni iliyofanikiwa kuliko karibu zote ilihitaji mkataba uliosukwa vizuri na wanasheria wa kuufuatilia.

Sasa ilete kwenye korosho. Mrabaha wa 5% kwenye mashine ya 450,000 ni 22,500. Mimi nikitengeneza nabaki na 140,000. Ili leseni inipe ile 560,000 yangu ya mwezi, mwenye karakana inabidi auze mashine 25 kila mwezi wakati mimi nauza nne. Hicho ndio kipimo cha leseni, usiangalie asilimia inasikikaje tamu, jiulize je huyu mtu anaweza kuuza mara sita ya ninavyouza mimi? Kama hawezi, na eneo analouza ni lile lile lako, unampa wateja wako bure. Kama anauza kule ambako wewe hufiki basi hata mashine kumi ni hela ya juu kwa juu.

Vipengele vitatu ambavyo nimejifunza kuving'ang'ania. Kwanza kima cha chini kwa mwaka, auze asiuze analipa mrabaha wa idadi fulani, la sivyo mtu anaweza kuchukua leseni yako akaifungia kabati ili tu usimpe mshindani wake. Pili eneo, andika wilaya kwa majina, usiandike "kanda ya kusini". Tatu namba: kila mashine iwe na kibati chenye namba, vibati vinatoka kwako. Unampa vibati 50, akija kuomba vingine anakuwa ameshalipia vile 50. Hiyo haihitaji mwanasheria wala mkaguzi wa hesabu, na kwa karakana zetu ambazo daftari la mauzo ni kumbukumbu ya mwenye karakana, sijaona njia nyingine ya kujua ameuza ngapi.

Halafu jambo la mdomo. Msikilize kisa cha Nkosana Makate wa Afrika Kusini, kijana wa uhasibu pale Vodacom aliyepeleka wazo la mtu asiye na vocha kumtumia mwenzake ujumbe wa bure wa "tafadhali nipigie", sisi wote tumeutumia huo. Aliahidiwa sehemu ya mapato kwa mdomo na kwa barua pepe za juu juu, wazo likaanza kazi mwaka 2001, na mpaka Mahakama ya Katiba inasema kampuni ina wajibu wa kukaa naye mezani wakubaliane malipo ilikuwa 2016. Miaka 15. Wakampa randi milioni 47, akazikataa, mahakamani tena. Yeye alikuwa mwajiriwa kwa hiyo kesi yake ina mambo yake, lakini hiyo ahadi ya "tutakuona tu" mimi nimeisikia kwa masikio yangu mara mbili na sitaki ya tatu.

KUUZA HAKI ZOTE

Hapa nitatofautiana na wengi. Kila mtu anakwambia usiuze, usiuze, mimi niliwahi kuuza na sijutii sana. Kabla ya korosho nilikuwa na kifaa cha kupukuchulia mahindi, kitu kidogo, mwenye karakana mmoja akanipa 2,500,000 taslimu nikasaini karatasi moja, nikaezeka nyumba. Kifaa chenyewe kilikuwa cha kuigwa kwa nusu siku, sikuwa na hati yoyote, na baada ya mwaka kila mtu alikuwa nacho. Ningeng'ang'ania nisingepata hata ya misumari ya bati. Kwa hiyo kitu kinachoigika haraka, kisicho na hati, na mnunuzi yupo na hela mkononi: uza, shukuru Mungu, nenda kwenye wazo lingine.

Lakini kama kina hati au kina kitu ndani ambacho hakionekani, kaa mbali. James Dyson, mvumbuzi wa Uingereza, kabla ya mashine zake za kufyonza vumbi alikuwa na toroli lenye mpira wa duara badala ya gurudumu, akaiweka hataza kwenye jina la kampuni badala ya jina lake, wenye hisa wakamtoa mwaka 1979 na hataza ikabaki kule kule. Fyonza vumbi lake, lile alilolijaribu mara 5,127 mpaka likakubali, akalishika kwa jina lake mwenyewe, akatoa leseni Japani, hela za kule ndio zikamsaidia kuja kutengeneza mwenyewe. Ukiangalia vizuri huyu bwana kapita njia zote, na kila mara kilichomwokoa au kumponza ni jina lililoandikwa juu ya hati.

KUINGIA UBIA

Sitasema mengi. Mwekezaji anataka kampuni, kampuni inataka hati iwe ya kampuni, wewe unabaki na hisa. Trevor Baylis, Mwingereza wa redio ya kuzungusha kwa mkono inayoendeshwa na springi, ile aliyoifikiria baada ya kuona kipindi cha ukimwi Afrika, alipata wabia wakafungua kiwanda Cape Town, redio ikasifiwa dunia nzima, halafu wakabadilisha muundo wa ndani, springi yake ikaachwa, na kwa sababu hati yake ilikuwa ya springi mkono wake kwenye biashara ukalegea. Mpaka anafariki 2018 alikuwa anasema wazi hakupata utajiri wowote pale. Kama unaingia ubia mkataba useme utalipwa hata wakiboresha kitu chako, maana watakiboresha tu.

KUKAA NA KITU, KUUZA HUDUMA

Hii kwetu haisemwi sana na ni nzuri. Dk. Askwar Hilonga wa Arusha, yule wa chujio la maji la nanofilta aliyeshinda tuzo ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015 na kupewa pauni 25,000, hakuishia kuuza machujio. Watu waliwekewa vituo vya maji, wanauza maji yaliyochujwa kwa ndoo, na ubunifu wake unabaki ndani ya chujio. Mwananchi ananunua maji, hanunui teknolojia. Ukiweza kugeuza kitu chako hivyo unapunguza tatizo la kuigwa na pia tatizo la mteja asiye na hela ya kununua mashine nzima. Mimi nilijaribu kubangua kwa kulipwa kwa kilo, nikashindwa, nilihitaji watu kumi na sehemu ya kukaa, na mimi kusimamia watu siwezi, nagombana. Mwingine ataweza.

HATI SASA

Tanzania Bara unaenda BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na hataza, Zanzibar wana usajili wao, ukisajili Dar hujasajili Unguja, wengi hawalijui hili. Kenya ni KIPI, taasisi yao ya hataza. Ukitaka nchi kadhaa kwa ombi moja kuna ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika lenye ofisi Harare, unachagua Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na wengine, na kwa mtu wa korosho Msumbiji ni muhimu kuliko Kenya. Ukishapeleka ombi la kwanza una miezi 12 ya kupeleka nchi nyingine ukiwa bado unahesabiwa tarehe ile ya kwanza.

Hataza kamili inafika miaka 20 na inataka kitu kipya ambacho fundi wa kawaida asingekifikia kirahisi. Kizuizi changu, niseme ukweli, hapo kingeweza kukataliwa. Kuna ile hataza ndogo, cheti cha modeli ya matumizi, ni ya maboresho madogo kama haya, masharti mepesi, miaka ni michache, Kenya kwa mfano ni 10 na hairefushwi. Kwa asilimia kubwa ya mafundi wetu hiyo ndogo ndio saizi yao. Zote mbili zinataka kitu kiwe kipya, na ukishakionyesha maonyesho au kukirusha kwenye simu unajiharibia mwenyewe, kuna sheria zinakuvumilia muda fulani lakini usitegemee huruma hiyo, peleka ombi kwanza ndio uende Nane Nane. Na ada ya kila mwaka lazima ilipwe, usipolipa inakufa.

Hati inafanya kazi kama una nguvu ya kushtaki, au kama unayeongea naye ni mtu wa kuogopa kushtakiwa. Robert Kearns wa Marekani alikuwa na hataza ya waipa za kioo cha gari zinazosimama na kurudi tangu 1967, alimshtaki Ford 1978, akalipwa dola milioni 10.2 mwaka 1990, Chrysler naye akaamriwa kulipa zaidi ya milioni 18, na katikati hapo ndoa ilivunjika na miaka ikaisha. Kiwanda chenye jina na leseni ya biashara ukutani kitaiheshimu karatasi yako. Mafundi kumi wa mtaani ambao kesho wanahama banda utawafuata na nini?

Ndio maana nalikumbuka sana lile jiko la udongo la Kenya, lenye kiuno, miaka ya themanini, lililochukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, Max Kinyanjui akiwa mmoja wa walioliunda. Halikuwekewa hataza. Mafundi wa jua kali wakalikopi, bei ikashuka, likaenea mpaka kwetu huku. Kama lengo lako ni kitu kifike kwa watu hakuna njia ya haraka kama hiyo. Ila kuna jambo pale ndani: bati la nje kila mtu aliweza kulikunja, kile chungu cha udongo cha ndani kilitaka udongo wenyewe na moto wenyewe, ukikosea kinapasuka, hivyo waliokichoma vizuri walikuwa wachache na wenye mabati waliwafuata wao.

Hilo ndio lilinifungua macho. Wale walioiga mashine yangu visu vyao vinakuwa butu wiki ya pili, wanatumia chuma bapa cha kawaida. Vya kwangu nakata kwenye jani la springi ya lori, nachoma mpaka kinafikia rangi ninayoijua mimi, nazamisha kwenye mafuta, narudisha moto kidogo tena. Ukikiangalia hakikwambii chochote, ukipige picha mpaka simu iishe chaji. Mmoja wa hao walioniiga alikuja mwenyewe, kwa aibu kidogo, kuulizia visu. Nikamuuzia jozi 18,000, na mashine inakula jozi moja kila msimu.

Kwa hiyo nilivyopanga ni mchanganyiko. Mtwara, Tandahimba na Newala natengeneza na kuuza mwenyewe. Masasi, Nachingwea na Tunduru natoa leseni kwa karakana moja, wanatengeneza mwili na kizuizi, vibati vyenye namba vinatoka kwangu, visu vinatoka kwangu na mkataba unasema hivyo. Ombi la hataza ndogo ni la toleo jipya la kizuizi, lile lisiloganda na mafuta, ambalo hakuna mtu nje ya banda langu amelionyeshwa, limeandikwa kwa jina langu, sio la kampuni. Moto wa kisu sijauandika popote, hata kwenye ombi haumo, kwa sababu ukishauweka kwenye hataza umeutangaza.

Tumebakisha kipengele cha kima cha chini. Jamaa mwenye karakana anataka mashine 60 kwa mwaka, mimi nimekaa kwenye 100, shemeji yake ambaye ndio mtunza hela ananipigia kila jioni kunibembeleza. Jumatatu nakwenda Masasi, nadhani tutakutana kwenye 80.